Waliotusomea vifo nao wameondoka

Wiki iliyopita tuliachana nikiwa nawachambua mabishoo wanaokwenda harusini na viatu vya kuazima. Mlicheka, wengine mkaninunia, na mmoja akanifuata hadi kijiweni kuniuliza kama nilimlenga yeye. Yaishe, ndugu yangu. Wiki hii utani nauweka pembeni kidogo, maana nimetoka safari na kuna kitu kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisipokitoa hapa, nitakitoa wapi?

Nimetoka Mwamkulu. Najua hapo wengi mmeshaguna, mnaulizana Mwamkulu ndiyo wapi. Kwa watoto wa mjini ambao ramani yao ya Tanzania inaishia Kibaha, Mwamkulu iko Mpanda, mkoani Katavi. Mkoa wenyewe ni miongoni mwa wadogo zetu, ulizaliwa mwaka 2012 ukimegwa kutoka Rukwa. Unapanda basi Dar es Salaam, unalala humo humo, unaamka, unalala tena, mpaka makalio yanasahau kwamba ni yako. Ukifika Mpanda mjini unachukua bodaboda, unapigwa vumbi hadi nyusi zinabadilika rangi, kisha unaanza kuyaona majaruba ya mpunga. Hapo ndipo kwa babu yangu.

Sasa kabla sijaendelea tuelewane jambo moja. Katika kisa hiki mimi si wa kusifiwa. Nilikwenda Mwamkulu na aibu yangu begani.

Ukweli wenyewe huu hapa. Bibi yangu, mama yake baba, alifariki mwishoni mwa Aprili 2025. Akazikwa kesho yake. Mimi mjukuu wake nikajua siku ya tatu.

Usiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa Sinza, simu mkononi, bando limejaa. Grupu la WhatsApp la ukoo nilikuwa nimelizima sauti tangu Krismasi, nimechoshwa na picha za maua za kutakiana asubuhi njema na michango ya harusi za watu nisiowajua. Tangazo la msiba likaingia humo, likafuatwa na "poleni" zisizo na idadi, mimi sina habari. Baba naye simu yake ilikuwa imekwisha chaji, akanipigia kwa namba ya jirani mara tatu. Namba ngeni! Si unajua tena, mtu ukishakopa kwenye ile mikopo ya simu, namba ngeni huwa haipokelewi. Nikaitazama inaita mpaka ikachoka yenyewe. Nikajipongeza kwa ujanja wangu.

Siku ya tatu binamu yangu akaniuliza mbona niko kimya. Nikamjibu, kimya kuhusu nini?

Basi bwana, mazishi nikayakosa, matanga nikayakosa. Ilipokaribia arobaini, mwanzoni mwa Juni, nikakopa nauli (ndiyo, nilikopa tena) nikaenda.

Nilifika jioni. Watu walikuwa katika kuvuna mpunga, kila mtu na mundu wake, uani kumetandikwa maturubai. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba chini ya mwembe. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilishapanga hadi majibu: mtandao ulisumbua, simu iliibwa, kazi zilibana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekula?"

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Mume mwenzangu ni utani wetu wa siku zote, kwa sababu kwa mila zetu mjukuu wa kiume ni mume mdogo wa bibi yake. Bibi alikuwa akiitwa "mke wetu". Tangu nikiwa na miaka minne babu alikuwa akinitishia kwamba siku nikimletea mke wetu zawadi bila kumwambia, tutapelekana mahakamani. Na sasa mke wetu alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na mume mdogo alikuwa hajamwaga hata konzi moja ya udongo. Nilikula ugali ule bila kuinua uso.

Arobaini ikasomwa, watu wakala, wakaaga. Usiku ule tukabaki babu, baba, mimi na shangazi mmoja aliyekuwa akiosha masufuria. Ndipo babu akanyoosha kidole ukutani.

"Mjukuu wangu, nishushie ile redio."

Ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa kitambaa cha bibi cha kufuma, cheupe chenye maua ya bluu. National ya zamani, mpini umezungushiwa waya, antena ilishavunjika miaka mingi ikafungiwa waya mwingine unaopanda hadi kwenye pao. Ile redio naijua. Utotoni nikija likizo kazi yangu ilikuwa kuanika betri. Nyie wa leo hamjui hilo. Betri zikiisha nguvu hazikutupwa, zilianikwa juani kama mihogo, jioni zikarudishwa, redio ikapata pumzi ya taarifa ya habari moja au mbili. Msimamizi wa zoezi lile alikuwa bibi. Ole wako usahau betri zinyeshewe!

"Siku arobaini haijasema," babu akaniambia. "Mke wetu alipoondoka niliizima. Redio ilikuwa yake."

Nikadhani anasema kwa mahaba tu, kama wazee wanavyosema. Kumbe kulikuwa na hadithi. Na hadithi yenyewe, msomaji wangu, niliisikia usiku ule kwa mara ya kwanza, kijana mzima wa miaka ishirini na sita, Kidato cha Nne nimemaliza, makala naandika gazetini, najiona najua mambo.

Mwaka 1987 baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu na bibi, alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa kijana mdogo, anakaa naye Magomeni. Baba mkubwa akaugua malaria, siku nne, akafa. Sasa fikiria. Mwamkulu hakuna simu. Barua ni wiki kadhaa. Treni ya kutoka Mpanda inapita Kaliua, Tabora, Dodoma, siku zinakatika, na maiti haingoji. Wazee wa Magomeni wakamwambia baba jambo moja tu: nenda redio.

Baba akaenda Barabara ya Pugu, hii ambayo siku hizi tunaiita ya Nyerere, pale ilipokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ameshika karatasi mkononi, kaiandika mwenyewe. Akatoa pesa ya tangazo, akaonesha karatasi, akaondoka kwenda kuzika.

Huku Mwamkulu babu alikuwa shambani anafukuza ndege. Bibi alikuwa uani anatwanga, redio iko juu ya kigoda. Matangazo ya vifo yakaanza. Bibi alikuwa na desturi ya kuyasikiliza yote, awe anawajua wafiwa au hawajui, na kila likisomwa moja anasema "poleni" peke yake, kama wako mbele yake. Wa Tanga, poleni. Wa Songea, poleni. Halafu akasikia Mwamkulu.

"Mke wetu aliniambia baadaye," babu akasema, "kwanza alifurahi. Alisikia kijiji chetu kinatajwa Dar es Salaam. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja."

Mchi ulibaki ndani ya kinu. Majirani ndio waliokuja kumfuata babu shambani, maana wao pia walikuwa wamesikia. Hakuna aliyehitaji kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Kijiji kizima kilikuwa kimeipata kwa pamoja, na Kakese wakaipata, na Mpanda mjini wakaipata. Babu alipofika nyumbani uani palikuwa pameshajaa watu.

"Kaka yako tulimlilia siku ile ile aliyozikwa," babu akamwambia baba, utadhani baba hajui. "Nyie kule, sisi huku. Siku moja."

Baba alikuwa anatazama chini. Na mimi nilikuwa natazama chini zaidi yake, maana hesabu niliifanya haraka. Mwaka 1987, kwa redio ya betri za kuanika, habari ya msiba ilitoka Dar es Salaam ikafika Mwamkulu siku ile ile. Mwaka 2025, kwa simu ya kioo yenye kamera tatu, habari ya msiba ilitoka Mwamkulu ikachukua siku tatu kufika Sinza. Na haikuchelewa njiani. Ilifika mapema kabisa, ikagonga mlango, mimi nikakataa kufungua.

Nikamuuliza babu, ili tu niseme kitu: "Nani alisoma lile tangazo?"

"Ndilo hilo," akasema. "Hatukujua. Anayetangaza mpira anajitaja. Anayesoma vifo hajitaji."

Akaniagiza nilete daftari lake.

Daftari la babu ni lile la shule, jalada limebandikwa gazeti. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na redio ilikuwa mwalimu wake wa pili. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, kisha wanajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Babu alikuwa mmoja wao. Choo kile anasema kilimshinda umri, kikajaa, wakachimba kingine, lakini daftari akaendelea nalo. Akimaliza moja anaanza jingine. Humo anaandika magunia ya mpunga, madeni ya watu na waliokufa. Ukurasa wa waliokufa wa mwisho una jina la bibi. Halafu kuna ukurasa mwingine kabisa, juu yake kaandika kwa herufi kubwa: WATU WA REDIO.

Wee! Nilidhani ataniambia ni mafundi waliowahi kumtengenezea redio. Hapana. Ni watangazaji waliofariki.

"Kwa kuwa hatukumjua aliyetusomea," babu akaeleza, "mke wetu alisema tuwaandike wote. Mmoja wao ndiye."

Nikalisogeza daftari kwenye mwanga wa taa. Wa kwanza macho yangu kumwona ni Halima Mchuka, Desemba 2011. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kutangaza mpira redioni hapa Tanzania. Babu akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu nifike. Anasema siku ya kwanza walipomsikia, wanaume wa kijiweni pale Mwamkulu walibishana kama redio imeharibika au mtangazaji kapata mafua. Bibi ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia mpira unachezwa kwa miguu, unatangazwa kwa mdomo, na mdomo hakuna mwanamume anayemshinda mwanamke. Tangu siku hiyo mechi aliyotangaza Halima ilikuwa mechi ya bibi, na bibi Simba na Yanga hakujua kuzitofautisha.

Chini yake Julius Nyaisangah, Oktoba 2013. Hapa hata watu wa umri wa kaka zangu watakaa sawa, maana huyu ndiye Anko J, sauti nzito ya Club Raha Leo. Mwaka 1994 redio za watu binafsi zilipoanza, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua milango, alihamia Radio One. Babu anasema kwake ilikuwa kama kijana wa nyumbani kahamia mji asioujua, maana redio hizo mpya wakati ule huko kwao hazikushika. Miaka mingi baadaye akasikia kafia Morogoro, alikokuwa akiongoza redio na televisheni ya Abood. Akaandika.

Sarah Dumba, 2016. Wengine mnamjua kama Mkuu wa Wilaya ya Njombe, na cheo hicho ndicho alichofariki nacho. Babu cheo hajakiandika. Kaandika "Sarah wa RTD" tu.

Marin Hassan Marin, Aprili 2020. Huyu hata mimi namkumbuka. Ni wa zama za televisheni, alikuwa TBC, shati limenyooka na Kiswahili kimenyooka zaidi. Siku alipofariki mimi niliposti picha yake, nikaandika herufi tatu, R.I.P., nikaendelea kutazama vichekesho. Babu hakuwahi kumwona sura. Alimwandika kwa sababu redioni walisema ni mwenzao.

Naona kuna msomaji anajiuliza, redio ipi hiyo, mbona majina yanabadilika? Nikusaidie, maana hata mimi nilikuwa nachanganya. Ni kituo kile kile. Kilianza mwaka 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na wakati ule hata Dar es Salaam yenyewe haikuwa ikisikia vizuri. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Mwaka 1965 kikageuka Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya mlio wa ngoma kabla ya taarifa ya habari, ya Mama na Mwana na ya Pwagu na Pwaguzi. Baadaye ndiyo ikaja TBC tunayoijua leo. Kwa karibu miaka thelathini Tanzania Bara redio ilikuwa hiyo moja. Kwa hiyo mtangazaji mmoja akikohoa, Bukoba wamesikia na Mtwara wamesikia. Wewe unayelilia wafuasi elfu kumi mtandaoni, jiulize hapo.

Na hawa watu walikuwa na kazi nyingi kwa mkupuo. Asubuhi wanakufundisha kupanda kwa mistari, mchana wanakutumia salamu zako za wagonjwa, jioni wanakutangazia mpira, na katikati ya hayo yote wanakushika mkono wanakwambia mwanao amekufa. Sauti ile ile. Babu anasema kulikuwa na namna yao ya kusoma vifo. Hawakulia wala hawakukimbia. Majina ya vijiji walivyokuwa hawajawahi kuviona waliyatamka polepole, herufi kwa herufi, ili aliyeko huko asije akasema hakuelewa. Mwamkulu ilitamkwa Mwamkulu. Haikuwa Mwankulu wala Mwamkuru.

"Angelikosea jina la kijiji," akasema, "mke wetu angeendelea kutwanga."

Duh! Hapo ndipo mwiba uliponiingia. Mimi siku hizi nalipwa kwa maneno, na majina ya watu nayakosea kila wiki, kisha nasema ni makosa ya uchapaji.

Babu akachukua kalamu, akailamba ncha kama mwanafunzi wa zamani.

"Haya. Siku arobaini sikusikiliza. Wewe umetoka huko mjini. Nani kaondoka?"

Nikanyamaza. Nilikuwa namjua. Habari zake zilijaa simu nzima mwezi uliotangulia. Lakini kuijua habari ni kitu kimoja, na kumwambia mzee ambaye bado ana vumbi la kaburi la mkewe ni kitu kingine. Nilianza kuzungukazunguka, nikamuuliza, babu, unamkumbuka Charles Hilary?

"Charles? Namkosa vipi? Alianzia RTD, akahama na wenzake. Nilikuja kumpata tena kwenye masafa mafupi, akiwa Ujerumani, halafu London kwenye BBC. Mke wetu alisema huyu mtoto anazunguka dunia nzima lakini sauti hajaiacha nyumbani."

Wa mjini walimwita Mzee wa Macharanga. Aliipitia RTD, Radio One, Deutsche Welle, BBC, akarudi Azam, na mwisho akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Yote hayo nilikuwa nayafahamu, na nikawa nayasema haraka haraka ili nisifike mwisho. Babu akanitazama. Mzee aliyesikiliza matangazo ya vifo kwa miaka hamsini humdanganyi. Anajua tangazo likianza.

"Lini?"

"Tarehe 11 Mei, babu. Huko Zanzibar."

"Usiseme hivyo. Sema vizuri. Jina lake, siku, mahali."

Nikarudia. Safari hii polepole. Charles Hilary, amefariki dunia tarehe 11 Mei 2025, Zanzibar. Sauti yangu nikaisikia mwenyewe, imekuwa ya mtu mwingine. Shangazi aliacha masufuria. Baba akasema "Mungu amrehemu" kwa sauti ndogo. Babu akaandika, anavuta kila herufi, na mimi nikawa nashika taa.

Alipomaliza hakufunga daftari. Akarudi ule ukurasa wa familia, wenye jina la bibi mwishoni, akauweka mbele yangu.

"Na huyu," akasema, "nisomee na huyu. Wewe hukuwepo. Nisomee kama unatangaza."

Msomaji wangu, nimewahi kupokonywa simu Kariakoo, nimewahi kufeli hesabu mbele ya baba, nimewahi kuachwa na msichana siku ya sikukuu. Hakuna lililonipata kama lile. Nilisoma. Jina la mke wetu, siku, mahali. Nilitamka Mwamkulu herufi kwa herufi. Sikufika mwisho, babu akanimalizia. Kisha nikalia, na nilipolia ndipo nikajua kwamba siku zote zile tangu Aprili nilikuwa sijalia.

Babu aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sasa habari imekufikia. Washa redio."

Nikaizungusha. Ikakoroma, ikapiga mluzi, ikatulia. Akatoka kijana mmoja, sauti ngeni, labda umri wangu, anasoma taarifa ya habari. Hakukosea jina hata moja. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akamwombea kijana yule maisha marefu, akaenda kulala.

Sasa nimerudi Dar. Siwezi kuwadanganya kwamba nimekuwa malaika. Ila grupu la ukoo nimelifungulia sauti. Maua ya asubuhi njema yanaingia saa kumi na moja alfajiri, nayatazama yote. Namba ngeni napokea. Ya kwanza kuipokea alikuwa jamaa wa mkopo, tukaelewana nitalipa kwa awamu. Ya pili alikuwa babu, kwa simu ya jirani, ananiuliza bei ya mchele Dar.

Na kuna deni moja jingine. Zamani mtangazaji akifariki, wenzake walimtangaza na redio nzima ikatulia. Sisi siku hizi tunabandika picha na herufi tatu, kabla ya saa sita mchana tumeshahamia kwenye udaku. Wale watu hawakutusomea sisi herufi tatu. Walitusomea jina, siku na mahali. Kwa hiyo leo naomba safu hii niitumie kwa kazi waliyoifanya wao, kwa namna yao, kadiri nilivyofundishwa na babu.

Mjukuu wa Mwamkulu, Mpanda, anasikitika kutangaza vifo vya Halima Mchuka, kilichotokea Desemba 2011. Julius Nyaisangah, kilichotokea Oktoba 2013 mjini Morogoro. Sarah Dumba, mwaka 2016. Marin Hassan Marin, Aprili 2020. Na Charles Hilary, tarehe 11 Mei 2025, Zanzibar. Pia anatangaza kifo cha yule ambaye jina lake hatulijui, aliyesoma tangazo la kuli mmoja wa bandarini mwaka 1987, akalitamka vizuri jina la kijiji chetu. Kama yu hai, basi tangazo hili limgeukie liwe shukrani, na mzee wa Mwamkulu anamsalimu. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na wasikilizaji wao wa Mwamkulu, Kakese, Mpanda na popote pale walipo.

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, nitarudi na utani wangu. Na wewe unayesoma hapo huku simu inaita, pokea basi.